Masika Haya, Tuketi Kimya

Mkaa ukiwashwa kwa makumbi makavu huchukua kama dakika kumi kushika sawasawa. Huanza moshi, hufuata kutatarika, kisha pembe za mkaa zinapiga wekundu, na mwisho jivu jepesi hutanda juu ukajua sasa sufuria inaweza kuinjikwa. Nimewasha jiko kila alfajiri kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka ya karibuni dakika zile kumi zote zilikuwa zinaishia kwenye simu. Mwaka juzi, mvua za kwanza za masika zilipoanza, nililitoa jiko uani nikalileta kibarazani lisilowe, simu nikaiacha chumbani, nikakaa kwenye kigoda nikisikiliza pumzi yangu inavyoingia na kutoka mpaka mkaa ukashika. Nimeendelea hivyo hadi leo. Naandika kukuomba, ndugu yangu unayesoma, masika haya na wewe uketi.

Nieleze kilichonifikisha kwenye kigoda, maana sidhani kama ni changu peke yangu. Simu yangu ina grupu la ukoo, grupu la mtaa, la kikoba, la wazazi wa darasani kwa mwanangu, na la tuliosoma pamoja. Asubuhi moja, kabla sijapiga mswaki, nilikuwa nimeshapokea misiba miwili, mchango wa harusi uliobakiza siku tatu, picha ya ajali ambayo hakuna aliyeniuliza kama nataka kuiona, na ugomvi wa watu wawili ninaowapenda wote. Kitinda mimba wangu alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Akasema jambo. Akalirudia. Mara ya tatu akauliza, "Mama, upo?" Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka aliposimama.

Tunaulizana hivyo kila siku njiani: upo? nipo. Ni salamu, hatuisikilizi. Siku ile niliisikia.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha mwaka 2010 kazi iliyouliza karibu swali lilelile. Waliwafuatilia watu 2,250 kupitia simu zao, wakawa wanawashtukiza mchana kutwa: unafanya nini sasa hivi, na akili yako iko wapi? Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili haikuwa kwenye kazi iliyokuwa mkononi. Na walipokuwa wameondoka hivyo, watu walisema hawana raha kama walipokuwa wametulia kwenye jambo walilolifanya, hata pale jambo lenyewe lilipokuwa la kuchosha. Nusu ya maisha tukiwa safarini, na safari yenyewe haitufurahishi.

Vijana wengi huliita zoezi hili meditesheni. Mimi napenda neno taamuli, kwa sababu kutaamali ni kukitazama kitu kwa makini bila pupa, nalo zoezi lenyewe ni hilo tu. Unaitazama pumzi. Akili inaondoka, unaona kwamba imeondoka, unairudisha. Inaondoka tena, unairudisha tena. Ukiambiwa kuna siri kubwa zaidi ya hapo, uwe mwangalifu na anayekuambia, hasa kama anataka ada.

Na si jambo geni kwetu. Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani, na akishamaliza swala ya alfajiri hakuwa anainuka. Alibaki kwenye mkeka wa ukindu, miguu ameikunja upande, vidole vinasukuma punje za tasbihi moja baada ya nyingine. Ikafika mahali vidole navyo vinasimama. Tasbihi inalala pajani, macho yake nusu wazi, na yeye bado ameketi, mpaka kunapambazuka na sauti za wavuvi zinaanza kupanda kutoka mtoni. Sisi wajukuu tulikatazwa kumsemesha. Nilipokua kidogo nilimuuliza alikuwa anafanya nini baada ya tasbihi kusimama. Alinijibu, "Nangoja moyo utue, mjukuu wangu." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo katika kitabu chochote.

Nalisema hili kwa wale wanaoogopa kwamba kuketi kimya ni kuingia dini ya watu. Hofu hiyo naiheshimu, nimeisikia kwa Waislamu na kwa Wakristo, na huwa sibishani nayo kwa kejeli. Lakini Mwislamu anazo nyiradi, na ana itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani. Mkristo anayo Kwaresima, ambayo mara nyingi huwa ndiyo inaendelea mvua zikianza, na watawa wa Kibenediktini wa Peramiho na Ndanda wameishi na saa za kimya katika ardhi yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Wabudha wenye hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, nao wana njia yao ndefu ya kuketi. Ninachokuomba hakichukui nafasi ya sala yako. Kaa kabla ya kusali, au baada. Wapo walioniambia kwamba tangu waanze kukaa kimya wanajua walichokisema kwa Mungu, ambapo zamani walifika "amina" bila kukumbuka walipitia wapi.

Kwa nini basi tuanze sasa, wakati mwaka una siku nyingi? Wenzetu walioko Toronto na Minneapolis hivi sasa wanatazama theluji ikiyeyuka na miti ikitoa macho, na kwao majira ya machipuo ndiyo saa ya kuanza jambo. Waajemi huufungua mwaka wao siku majira hayo yanapoanza, tarehe 20 au 21 Machi, usiku na mchana unapokaribia kulingana, na wanaiita Nairuzi. Neno hilo lilivuka bahari na wazee wetu wa pwani wakalitumia kuhesabia mwaka wa kilimo na uvuvi. Ila kalenda yao ilikuwa ya siku 365 kamili, haikuongeza siku kila mwaka wa nne, kwa hiyo karne hadi karne mwanzo wa mwaka ukawa unasogea. Ndiyo maana leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanasherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai, katikati ya kipupwe. Kilichobaki ni kazi ya siku ile: wanaume hupigana kwa vipande vya migomba ili vinyongo vya mwaka mzima vitoke hadharani na viishe, mwaka mpya usianze na hasira za mwaka wa jana. Nawapenda watu waliotenga siku ya kumaliza vinyongo.

Sisi wengine wa mwambao tuna alama yetu ya Machi, nayo ni upepo. Kaskazi inachoka, kusi haijafika. Mabaharia waliuita wakati huo tanga mbili, wengine wakauita maleleji, kwa sababu upepo hauna upande na chombo kinaweza kuelekea huku au kule. Zipo asubuhi bahari inakuwa shwari kama sahani. Halafu mawingu yanajaa, mvua inashuka, na masika yameingia. Mkulima hahitaji kuambiwa huu ni wakati wa kuanza. Jembe lake linamwambia.

Ipo na sababu ya hesabu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea zoea jipya, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010 walikuta kwamba zoea huchukua takribani siku 66 hadi liwe linakuja lenyewe bila kujilazimisha. Kwa wengine siku 18 zinatosha; wengine huenda wakahitaji 254. Ukianza tarehe 20 Machi, siku ya 66 ni tarehe 24 Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu msimu wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Nakuomba msimu mmoja wa mvua, basi. Na walikuta jambo jingine ambalo lilinituliza sana: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukiuguza, ukisafiri, ukilala kwenye msiba, endelea kesho yake bila kujisuta.

Namna ya kuketi nitaieleza kama ninavyoifanya. Tafuta kitu unachokifanya kila asubuhi bila kukumbushwa, ukae hapohapo. Changu ni mkaa, nao nauwasha nje penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, maana gesi yake inaua. Anayetumia gesi ya mtungi anaweza kungoja birika lichemke. Dereva anaweza kukaa kwenye kiti chake kabla ya kuwasha gari. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku ana benchi la kituoni. Kama huna kitu cha kukupimia muda, tega simu ilie baada ya dakika tano kisha ifudikize mbali na mkono wako. Dakika tano zinatosha wiki mbili za kwanza; kumi zitakuja.

Kaa mgongo ukiwa wima bila kujikaza, kwenye kigoda, kiti au mkeka. Mikono ilale mapajani. Macho ukiyafumba usingizi ukakuchukua, yaache nusu wazi yatazame sakafuni. Vuta pumzi kwa pua, iache itoke polepole kuliko ilivyoingia. Inapotoka, hesabu moja. Inayofuata, mbili. Ukifika kumi, anza tena. Utajikuta kumi na saba, na hapo utajua uliondoka kitambo. Usijigombeze, rudi kwenye moja. Kurudi kule kwenye moja ndiyo kazi yenyewe, na siku utakayorudi mara thelathini hujashindwa, umefanya kazi mara thelathini. Mvua ikiwa kubwa juu ya bati na pumzi husikii, sikiliza mvua. Iko karibu na inatosha.

Mwilini kuna sababu ya kuiacha pumzi itoke taratibu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, pale mapigo yanaposikika. Ukivuta pumzi, moyo unaharakisha kidogo. Ukiitoa, unapunguza mwendo. Mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, ndio unaoshika breki hiyo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Baada ya dakika chache za kukaa, bila kulazimisha, pumzi hizo zinakuwa ndefu na chache zaidi. Bega linashuka. Taya ambalo hukujua umelikaza linaachia.

Sitakuahidi zaidi ya ninachokijua. Zoezi hili lina historia yake hata hospitalini: mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ambayo siku hizi huchukua wiki nane. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, wakaona taamuli inasaidia kiasi kwa wasiwasi, huzuni na maumivu. Kiasi. Hawakuona kwamba inazidi dawa au mazoezi ya mwili. Kwa hiyo mwenye presha aendelee na vidonge vyake, mwenye kisukari vivyo hivyo. Na kama umepitia jambo zito, ukikaa kimya likakurudia kwa nguvu hadi unatetemeka, fumbua macho, simama, tembea, shika kitu cha baridi, zungumza na mtu. Usijilazimishe. Hapo unahitaji mtaalamu, na wapo Mirembe kule Dodoma, wapo Muhimbili, wapo Mathari jijini Nairobi, na kwenye hospitali nyingi za mikoa na kaunti. Kwenda kwao si aibu, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu namjua mtu tuliyemchelewesha kwa kuogopa maneno ya watu.

Sasa nirudi mtaani, kwa kuwa wito huu sikuuandikia mtu mmoja mmoja tu. Masika yaliyopita mfereji wetu uliziba. Saa tano usiku jirani alikuja kugonga geti langu, na haikuwa hodi, yalikuwa makofi. Maji yalikuwa yanaingia jikoni kwake na aliamini taka zilizoziba zilitoka kwangu. Nilisimama nyuma ya geti na jibu kali likiwa tayari mdomoni. Nikahesabu pumzi tatu. Hazikuniondolea hasira, lakini katika pumzi ya tatu nilisikia kitu ambacho sikukisikia mwanzo: sauti yake ilikuwa inatetemeka, alikuwa ameogopa. Nilifungua, nikamwambia, "Pole, shoga yangu, ngoja nichukue koleo." Tulifukua mpaka saa saba na wanetu wanatumulikia. Taka zilikuwa za kila nyumba, zangu zikiwemo.

Najua masika si mvua ya kutazamwa kibarazani kwa kila mtu. Anayeishi bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, akisikia ngurumo usiku anawaza godoro na vyeti vya watoto. Masika ya mwaka 2024 yalitesa watu Tanzania na Kenya, na mwezi Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Maji yakianza kuingia, toa watoto, toa wazee, mwite jirani. Hakuna anayekuomba ukae kimya hapo. Ninachosema ni kwamba msimu mgumu kama huu unataka watu wanaoweza kusikia mtetemo katika sauti ya mwenzao, na uwezo huo unajengwa asubuhi ambazo hakuna mafuriko.

Kikoba chetu tumeanza. Kabla wanawake watatu wanaotunza funguo hawajafungua sanduku la akiba, tunakaa kimya dakika mbili. Wa kwanza kulipinga wazo hilo alikuwa mama mmoja anayeuza samaki sokoni, alisema yeye huamka saa tisa na dakika ya kupoteza hana. Nilimwelewa. Mwanamke anayeamka kabla ya watu wote hana dakika iliyolala bure, na anayemhubiria utulivu bila kumshikia ndoo anamwonea. Wiki ya nne mama yuleyule ndiye aliyesema tusizikatishe zile mbili, maana kwa siku nzima ndizo pekee ambazo hakuna anayemwita. Na wanaume wa nyumbani mnaosoma hapa, shikeni hilo: mpe mkeo dakika kumi za asubuhi. Chukua mtoto, pepea jiko wewe.

Walimu, mnao mstari wa asubuhi. Dakika moja ya kimya baada ya wimbo wa taifa na kabla ya matangazo haitaharibu ratiba, na mtoto aliyetoka nyumba yenye kelele atafika darasani akiwa amefika kweli. Msiigeuze adhabu, mtoto akicheka, acheke, kesho atanyamaza. Kaka zangu wa bodaboda, kijiweni kabla ya abiria wa kwanza, vuteni pumzi kumi kofia ikiwa pajani. Wazee wa kahawa tayari mnajua, kwani kikombe cha kwanza huwa hamkizungumzii.

Umoja wa Mataifa uliamua mwezi Desemba 2024 kwamba tarehe 21 Desemba kila mwaka iwe Siku ya Taamuli Duniani. Ni vizuri, lakini Desemba ni mbali na kesho ni karibu.

Anza na mmoja nyumbani, mjulishe tu kwamba asubuhi kwa dakika tano hutaitika. Usiku huu weka kigoda mahali utakapokiona ukiamka. Simu ilale chumba kingine. Alfajiri, washa mkaa wako au injika birika lako, keti, na pumzi ya kwanza itakapotoka, hesabu moja.